Kuku Mumoja, Nyumba Tatu

Sitawaficha. Mimi, capita, mukubwa wa kijiji, niliyeanza na jembe moja, na leo niko na nyumba ya mabati hapa Wamaza, nilifezeheshwa na paja la kuku.

Dokta mumoja, muzungu Mbeleji, alinituma nimutafutie jamaa tatu, aangalie wanakula nini. Wenye kukosa chakula wataandikwa, wapewe samaki makavu na chumvi. Mama Asha, mwenye mimba ya miezi minane, alingojea sana samaki ile. Lakini kichwa changu kilishika tu "aangalie wanakula nini". Mugeni aone sombe, majani ya muhogo, isiyo na chumvi? Haya gani hiyo!

Nikachinja jogoo wangu. Bibi yangu, mama wa watoto wangu, akamupika, na kila mara dokta alipotoka nyumba moja, yeye akapita nyuma na chungu, akamutangulia nyumba nyingine.

Nyumba ya kwanza dokta akafunua chungu, akaandika: wanakula vizuri. Nikajivuna. Ya pili akaonja, akamaliza paja zima.

Ya tatu ilikuwa ya Mama Asha. Dokta akafunua chungu, akaniangalia.

"Capita, kuku wa huku wanazaliwa na muguu mumoja?"

"Ndiyo, dokta. Ni kabila yao."

Mama Asha akacheka mpaka akashika tumbo. Akaingia jikoni, akarudi na chungu chake mwenyewe: sombe na maji, basi.

"Baba, achia dokta aandike hiki."

Dokta akafuta yote aliyoandika, akaanza upya na jina la Mama Asha. Miye nilibaki nimeshika kifuniko cha chungu cha kuku mukononi.