Ukuta Niliokandika Kabla Kamera Hazijafika

Nimekosa mimi. Msinitafutie mtetezi, na atakayeniambia "pole bibi" nitamtukana.

Mjukuu wangu ni yule binti anayechora kwenye kuta za watu. Alianzia hapa Segese, ukuta wa ndani wa jiko langu, kwa mkaa. Nikimkuta, fimbo! Leo anachora maghorofa ya mjini Kahama, na wakatokea watu wa kutengeneza filamu ya maisha yake. Nilitamba! Kisimani, kanisani, mnadani, kote walinikoma.

Akanipigia simu. "Shikamoo bibi. Jumamosi tunakuja na kamera. Filamu inaanzia jikoni kwako, usiguse kitu."

"Marahaba. Sigusi."

Mwongo mkubwa mimi!

Jirani yangu, mdomo kama mashine ya kusaga, akaja kuchungulia ukuta. "Dada, ona alivyokuchora! Fimbo juu, meno nje kama fisi. Nchi nzima itakuona!" Akacheka mpaka akakaa chini.

Kweli, nilikuwa mimi. Damu ikanichemka. Nimlee tangu mama yake afariki, halafu anianike hivyo? Nikakoroga udongo na mavi ya ng'ombe, nikakandika ukuta mzima, nikamalizia na udongo mweupe. Wakiuliza, nitasema kwetu mgeni akija nyumba inakandikwa. Nani angebisha?

Wakafika. Mjukuu akaingia jikoni, akasimama.

"Bibi, mama yuko wapi?"

Yesu wangu! Nyuma ya yule fisi alikuwa amemchora mama yake, binti yangu wa kumzaa, anapepeta mahindi. Marehemu hakuwahi kupigwa picha hata moja. Miaka yote nampita pale na sufuria yangu, siku ile nikajiona mimi tu!

Akakwangua kwa kucha. Udongo ukabanduka na mkaa wake.

Mwenye kamera akamwambia, "Si umchore tena?"

"Sura yake siikumbuki tena," akasema. "Nilikuwa nakuja kumwangalia hapa."

Filamu imetoka. Inaanzia Kahama. Mimi simo, hata kwa ubaya. Akipiga simu ni shikamoo, kisha anakata.

Nyie mnaokimbilia kujisafisha wageni wakija, uacheni ubaya wenu uonekane! Mimi mtaa mzima unaniita mama fulani, kwa jina la huyo binti yangu. Naitika. Na sura yake nimeikandika kwa mikono hii hii.