Vichwa vya Mbuta na Salamu za Wateja

Hakuna kitu kinanuka kama vichwa vya samaki wa mbuta vilivyoshinda ndani ya gunia hapa mtaani kwetu Obunga, jua likiwaka. Maji ya kijani yalichuruzika mpaka mlangoni, funza nao wakifuata. Nilitapika nyuma ya nyumba. Na vilioza kwa sababu ya programu yangu.

Mama huuza mgongo wazi, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki kiwanda kikishachukua minofu. Wateja wanaagiza kwa meseji. Likizo hii nilimwekea programu kwenye simu yake: mteja aandike jina, koma, mzigo, koma, mahali. Programu inakata meseji kwenye koma, inatoa kipande cha pili, Mama anaona hicho tu, mzigo wa kupeleka.

Nilipoijaribu mwenyewe ilienda sawa. Lakini mimi sisalimii kompyuta. Mteja wa Mamboleo aliandika: "Habari ya asubuhi mama, umeamkaje, watoto wazima, naomba vichwa ishirini, Mamboleo."

Mama akasoma kioo cha simu. "Yawa! Umeamkaje ni kilo ngapi?"

Jirani aliyemsikia akacheka hadi akakaa chini. Mimi niliangalia viatu vyangu. Meseji zote zilikuwa hivyo, na mzigo ukabaki kwetu.

"Ikioza tena," Mama akasema, "hiyo kitu yako unaitoa kwa simu yangu."

Nilichukia salamu kuliko funza. Nikaanza kuhesabu vipande kutoka nyuma, cha pili kutoka mwisho. Mteja mwingine akamalizia: "Mungu akubariki, amina." Programu ikamwambia Mama apeleke Mungu akubariki. Ningewaambia wateja waache salamu, lakini mbele ya mtu mzima sauti yangu hukwama.

Halafu nikamwona Mama akiangalia salio la simu, kidole kwenye kitufe cha nyota. Nyota kila mtu anaijua. Nikawatumia wateja meseji: mzigo ukae katikati ya nyota mbili. Mahali pa kupeleka Mama tayari anapajua. Programu ikakata kwenye nyota, ikatoa kipande cha kati. Wasalimie mpaka wachoke.

Leo gunia limeisha kabla ya saa sita.

"Na zile salamu zinaenda wapi?" Mama akauliza.

"Zinatupwa."

Akanitazama vile mimi nilivyolitazama lile gunia. "Mtu amekuamkia, nyathina, mwanangu, unamtupa?"

Sasa nimekaa nyuma ya nyumba, harufu bado imeganda ukutani, najibu wateja mmoja mmoja kwa simu ya Mama: tumeamka salama, watoto wazima, amina.