Mtungi Alioufunga Bibi

Nilipokuwa mtoto bado wa kusukwa nywele na wakubwa, nyumbani kwetu Wattaya, mtaa wa Maskati, kulikuwa na mtungi wa siki ulioheshimiwa kuliko mabinti wa nyumba. Nasema hivyo kwa hasira, na sina nia ya kuipunguza. Mtungi ulifukizwa ubani, ukasogezwa jua lilipohama, ukafutwa vumbi kwa kitambaa chake peke yake. Mabinti walipigiwa kelele.

Mwenye mtungi alikuwa Bibi, mama yake baba. Alizaliwa Unguja, akaja Maskati akiwa tayari mke wa mtu, na siki ya zabibu aliikuta huku kwa mama mkwe wake. Kila kiangazi mzee mmoja wa Jabal Akhdhar, rafiki wa marehemu babu, alituletea makasha ya zabibu za mlimani. Bibi alizitandaza juu ya majamvi kwenye paa letu la bapa, zikapigwa na jua la Maskati ambalo halina utani, mpaka ngozi zikasinyaa na utamu wote ukajikusanya ndani. Hapo zilikamuliwa kwa mikono, zikatiwa mtungini na maji kidogo, mdomo ukafunikwa kwa bafta nyepesi, na mtungi ukaachwa mpaka baridi ianze. Ulipofunguliwa, siki yake ilikufumba macho. Tulitilia achari na samaki, na majirani walipelekewa chupa zao.

Sharti lilikuwa moja, na kila mtu alilijua. Mwanamke asiyesali, yaani aliye katika siku zake, asiusogelee mtungi. Akiugusa, siki hugeuka ulevi, na nyumba nzima inaingia haramu bila kukusudia. Na katika nyumba ya watu wanaosali, jambo hilo halina siri. Adhana ikilia, asiyeinuka kwenda kutawadha anajulikana hata na watoto. Ndiyo maana mimi, hata maana ya neno hedhi siijui, nilijua nani leo haruhusiwi kupanda paani.

Mkamuaji bora alikuwa Shangazi Zuwena, kitindamimba wa Bibi. Alifanya kazi wizarani, ana gari yake mwenyewe, na akirudi jioni alivua viatu, akakunja mikono ya nguo na kuingia kwenye beseni la zabibu huku akinitania. Mwaka ninaousimulia alikuwa ameposwa na kijana wa Al Amerat, na alimpenda. Nalijua hilo kwa sababu nililala chumba kimoja naye, na akizungumza na simu alicheka uso kwenye mto ili Bibi asisikie. Hata mto ulikuwa na haya kuliko yeye.

Posa ile ilimtia Bibi hofu kuliko furaha. Alianza kuona kijicho kila pembe: kwa jirani aliyesifu, kwa jirani aliyenyamaza, kwa muuza samaki aliyeuliza harusi lini.

"Neema ikikaribia, macho hufunguka," alisema. "Mwaka huu mtungi siuwachi wazi."

Basi bafta ikawekwa kando. Bibi alifunika mtungi kwa kifuniko cha mbao, akakanda unga wa ngano na kuuzibia pembeni pote, kisha akafunga kitambaa cheusi juu yake na kuuzungushia chetezo cha ubani. Hakuna aliyemuuliza kitu. Baada ya siku chache mtungi ukaanza kunguruma. Nilitega sikio nikasikia ndani kunachemka, na unga wa pembeni ulikuwa umevimba na kupasuka.

"Bibi, mtungi unanguruma."

"Kijicho hicho, mwanangu, kinatafuta njia. Hebu nnletee unga."

Nikamletea, akaziba. Ukapasuka tena, akaziba tena, na kila akiziba alisoma na kupuliza. Alikuwa mwenye subira sana na mtungi ule.

Baridi ilipoingia, Bi Raya, mama wa yule kijana, alikuja na binti zake wawili kupanga siku ya harusi. Kwetu mgeni wa heshima ndiye aliyeonja siki ya mwaka: mtungi unafunguliwa mbele yake, anachovya mkate, anasifu, na wenyeji wanajifanya hawajali. Sebule ilifukizwa udi, halwa ikawekwa, kahawa ikapita. Mtungi ulikuwa bado juu, na kwa baridi ile magoti ya Bibi hayakuwa ya kupanda ngazi tena.

"Zuwena! Yallah, teremsha mtungi!"

Yakumbuke maneno hayo, msomaji. Bibi ndiye aliyemtuma, na wakati wa kumtuma hakuuliza kitu. Shangazi alipanda, akaukumbatia mtungi kifuani kama mtoto aliyelala, akateremka nao taratibu mpaka sebuleni.

Bibi alibandua unga mwenyewe. Harufu ikatoka, na nakumbuka niliipenda: harufu ya maua na asali, na nyuma yake kitu kinachokupanda kichwani. Bi Raya alichovya mkate, akatafuna, akasita.

"Bi Mkubwa, hii si siki."

"Si siki vipi?"

"Tamu hii. Tena inapanda puani. Astaghfirullah! Hii khamri!" Akatema kwenye karatasi.

Nilimtazama Bibi. Hakukitazama kifuniko kilichokuwa mkononi mwake, wala ule unga chini ya kucha zake. Alitazama nyuso za wanawake wa nyumba yake, moja baada ya moja, kama mtu anayetafuta pa kuuweka mzigo.

"Zuwena," alisema, mbele ya wageni wote. "Wewe leo unasali?"

Shangazi aliinamia sinia la halwa. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Sisali, mama."

Basi. Hakuna aliyepiga kelele. Bi Raya alijifuta vidole kimojakimoja, akavuta abaya yake na kusimama. "Mungu katuonesha mapema," alisema, na wakaondoka, kahawa imebaki vikombeni. Baada ya siku chache ujumbe ukafika kupitia kwa mtu: mkono wa binti una kisirani, na wao nyumba yao hawawezi kuingiza kisirani. Yule kijana aliyekuwa akimchekesha mtu mpaka afunike uso kwa mto alimsikiliza mama yake. Naye pia sijamsamehe. Baba yangu, kaka mtu, ofisa wa serikali mwenye shahada zake ukutani, alisema, "Mambo ya wanawake hayo, mie siyaingilii," akaenda kazini.

Mtungi ulimwagwa kwenye shina la mdimu uani. Bibi alisema mti utakauka. Mdimu ulizaa mwaka ule mpaka matawi yakawekewa miti ya kuyashikilia, na hakuna aliyeliona hilo kuwa ushahidi wa kitu chochote.

Shangazi hakuolewa. Wengine walikuja, lakini habari ilitangulia mbele yao, maana Maskati kwa maneno ni mji mdogo. Hilo ningeweza kulimeza. Linalonikaba ni kwamba yeye mwenyewe aliamini. Aliacha kukamua zabibu hata akiwa msafi. Siku zake zikimjia alijitenga na achari, na unga wa mkate, na bibi harusi yeyote, na nilipojifungua mwanangu wa kwanza alisimama mlangoni hospitalini akakataa kumpokea. "Wiki ijayo nitambeba," alisema, akitabasamu, mikono imefichwa ndani ya abaya. Mwanamke aliyeendesha idara nzima ya watu alijiogopa mikono.

Mwaka jana mimi na mume wangu tulitembelea kisiwa kimoja cha Ugiriki. Ndani huko, mbali na pwani, tulikuta uwanja wa mawe umetandazwa zabibu juani, zimesinyaa kama zetu za paani, na mama mmoja mzee mwenye nguo nyeusi anazigeuza kwa mkono. Nilisimama nikashindwa kuondoka. Mkwewe, aliyejua Kiingereza, alitueleza kwamba wanatengeneza mvinyo mtamu, kazi ya mababu, na akatukaribisha kuona ghala la mapipa. Tulisema hatunywi, akasema kutazama hakulevyi.

Mlangoni yule mzee alinizuia. Akamwambia mkwewe kitu, na mkwe akaona haya kukitafsiri.

"Samahani. Anauliza kama uko katika siku zako. Wazee hapa wanaamini mwanamke wa hivyo akiingia, mvinyo unageuka siki."

Nilidhani sikusikia vizuri. Kwetu mwanamke huyo huyo, kwa damu hiyo hiyo, anageuza siki kuwa mvinyo. Hapa anageuza mvinyo kuwa siki! Kila nyumba inataka kitu chake, na kisipopatikana aliyekiharibu ni yeye. Nilicheka, na mume wangu, anayenijua, alirudi nyuma hatua moja.

"Mwambie siko," nilisema. Na nilikuwa nimo. Nikaingia.

Ndani harufu ilinipokea: maua, asali, na kile kitu cha kupanda kichwani. Sebule yetu ya Wattaya ikanirudia nzima, na masikio mekundu ya Shangazi. Niliuliza kwa nini mapipa yamezibwa namna ile.

"Ili hewa isiingie," alisema yule mkwe. "Ukiacha wazi unapata siki. Ukiziba unapata mvinyo. Ni hilo tu."

Ni hilo tu. Miaka yote Bibi alifunika kwa bafta, mtungi ukapumua, siki ikawa siki. Mwaka wa posa akauziba kwa unga ili kijicho kisipenye, na kila mtungi ulipopasua unga kutafuta pumzi, akauziba tena. Hakuna mkono mwingine uliohusika. Kinga ndiyo iliyoleta balaa, na mwenye kinga ndiye aliyesimama kuhukumu.

Niliporudi nilikwenda Wattaya moja kwa moja. Shangazi alikuwa anachagua mchele kwenye sinia; nywele zake siku hizi ni nyeupe mbele. Nilimweleza yote, zabibu na mapipa na hewa. Aliendelea kutoa mawe.

"Kwa hivyo ulikuwa unga," alisema mwisho.

"Unga, Shangazi. Bibi mwenyewe na unga wake."

"Ushachelewa kuniambia, mwanangu. Siku hizi nnasali mwezi mzima."

Sikujua nicheke au nilie. Yeye aliweka sinia chini, akaitazama mikono yake, akaigeuza juu na chini.

"Mamangu alivyolazwa kitandani ile miaka yake ya mwisho," alisema, "nani alomkosha? Mie. Nlimgeuza, nlimfuta, nlimlisha kwa hivi vidole. Siku nnasali na siku sisali. Hata mara moja hakuniuliza."

Kisha akalirudia sinia lake.

Zamani nilikuwa namtetea Bibi. Nilisema alikuwa mtu wa wakati wake, aliamini alichofundishwa, na mtu haadhibiwi kwa kuamini. Sasa sisemi hivyo. Magoti yalipomshinda na mtungi uko juu, aliisahau imani yake. Alipohitaji kuoshwa na kulishwa, aliisahau. Aliikumbuka siku moja tu, mbele ya wageni, alipotafuta mtu wa kubeba aibu yake. Bibi yangu alinilea, na kila Ijumaa namwombea. Lakini hilo sijaweza kumsamehe.