Mgeni wa Chumba Namba Nne

Kwa miaka ishirini na sita fundi cherehani alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Safari alizozijua zilikuwa za misiba na harusi, akiwa amebanwa katikati ya mashangazi. Binti yake wa mwisho alipoolewa, alifunika cherehani kwa shuka, akakata tiketi ya kwenda mji ambao hakuwa na ndugu hata wa dawa.

Kaka yake mkubwa alikuja akihema. "Unakwenda kwa nani?"

"Siendi kwa mtu. Nakwenda kutembea."

"Mwanamke mzima, peke yako? Watu watasema nini?"

"Waambie waanze mapema, basi linaondoka saa moja asubuhi."

Kwenye nyumba ya wageni, mpokeaji alichungulia nyuma yake. "Uko na nani, mama?"

"Na begi."

"Hatupokei wanawake waliokuja peke yao. Ndiyo utaratibu."

Hakuwahi kubishana na mtu nje ya mtaa wao. Hata hivyo akavuta kiti, akaketi mbele ya kaunta. "Nionyeshe palipoandikwa. Nasubiri."

Jamaa alipekua daftari, akafungua droo, akasoma hata tangazo la zimamoto ukutani. Foleni ikarefuka. Mwishowe akamsukumia ufunguo wa chumba namba nne.

Asubuhi alitoka bila kuuliza njia. Akapita kwa mafundi bati, nyundo zikamziba masikio. Akaingia maktaba, akasoma gazeti zima mpaka matangazo ya vifo vya watu asiowajua. Kisha akakata kona, akakata nyingine, njia ikamponyoka. Hofu ikampanda. Mbele yake palikuwa na mkahawa, meza zote wanaume watupu. Alipoingia, macho yote yalimfuata. Alitamani kurudi nyuma. Badala yake akachagua meza ya dirishani, akavua viatu, akaagiza chai.

Mzee mmoja akamgeukia. "Mama, umepotea?"

"Ndiyo, baba. Ila usinielekeze kwanza, chai bado ya moto."

Wakacheka, naye akacheka.

Jioni kaka alipiga simu. "Rudi kesho! Ukoo mzima umekasirika."

"Nisalimie wote. Nitarudi Jumapili, kama nilivyopanga."

Akarudi Jumapili. Kaka alimnunia miezi miwili. Lakini mke wa kaka huyo alikuja kuchukua sare za watoto, akarudisha mlango taratibu, akanong'ona:

"Wifi, hivi tiketi za basi lile zinakatwa wapi?"