Mlango Uliopigwa Randa Mara Mbili

Dada yangu kazini wanamwita Robo, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Anapima ukuta mkubwa wa zege unaozuia kilima kisiporomokee nyumba za chini. Mtambo ulio juu ya paa la ng'ambo hurusha mawimbi, yakigonga ukuta yanarudi, na kila Jumatatu mtambo humpa namba mbili, ya mlalo na ya wima. Kwa namba hizo hutafuta pembe ya wimbi, wanayoiita awamu. Pembe ikibadilika, ukuta umesogea.

Zamani alipiga hesabu kwa mkono, daftari pajani. Mwenzake akikimbilia kugawanya namba moja kwa nyingine, alimkatiza: "Robo gani?" Maana duara lina robo nne, na alama za hasi na chanya ndizo zinazokuambia uko robo ipi. Alikuwa kero kwa swali hilo. Hata akitumwa sukari dukani tulimtania, "Robo gani?"

Kisha akaandika programu ya kompyuta ifanye kazi hiyo. Wakampigia makofi, nami nikajigamba mtaani utadhani nimeiandika mimi.

Mama yetu anaishi chini ya ukuta ule, jiko lake limeegemezwa hapo hapo, nami naishi naye. Mwezi wa nne, baada ya mvua kubwa, alilalamika kwamba mlango wa jikoni unakwama.

"Mama nawe," nikasema, "mbao imelowa tu."

Dada akamwonyesha kwenye simu: ukuta haujasogea hata unywele. Akaazima randa, akaukwangua mlango. Mwezi wa sita mvua tena, mlango tena, randa tena.

Jana mchana aliingia bila hodi, midomo imemkauka. Nilidhani kuna msiba.

"Sikuuliza robo," akasema. "Kwenye programu. Niliiambia igawanye tu."

Alikuwa akihamisha namba za zamani, ndipo akaziona kwa macho yake. Mwezi wa nne zote mbili zilitoka chanya zikawa hasi. Hasi ukiigawa kwa hasi jibu ni lile lile, pembe ile ile, kumbe wimbi limegeuka nusu duara, yaani ukuta umeruka milimita nane. Mwezi wa sita zikawa chanya tena.

"Basi umerudi mahali pake," nikasema. Mjinga mimi.

"Au umekuja mbele nane nyingine, duara likakamilika. Namba peke yake haziwezi kuniambia." Akamgeukia mama. "Mama, mara ya pili mlango ulikwama upande gani?"

Mama hakuhitaji hata kufikiri. "Ule ule, mwanangu. Juu, karibu na kitasa. Si wewe uliyeukwangua?"

"Basi haukurudi," dada akasema, akakaa sakafuni pu! Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta wa jikoni. Nilijibandua kama niliyeguswa na pasi. Nje, wenzake wa ofisini aliokuja nao walishaanza kuzunguka na kipaza sauti, wakiwaambia watu watoke.

Tukabeba godoro na vyeti. Mama, kwa mazoea yake, akarudi kufunga mlango wa jikoni. Akasukuma. Akasukuma tena kwa bega. Ulikuwa umekwama juu, karibu na kitasa, na mvua haijanyesha tangu mwezi wa sita.

"Asubuhi nimeufunga vizuri kabisa," mama akasema.

Dada alimshika mkono, tukakimbia tukauacha wazi.