Taulo Zilizorushwa Kabla ya Jibu

Kwetu, kwenye vijiji vya mto Kuskokwim, hakuna barabara ya kwenda popote. Anayetaka kufika mjini Bethel hutaja uzito wake kwa sauti, mbele ya jirani zake, kabla ya kupanda ndege, maana ndege ni ndogo na haitakiwi kuzidiwa. Ndiyo maana hatuna siri nyingi.

Majina ya marubani hatukuwa tukiyashika. Walitoka mbali, wakakusanya saa za kuruka walizozihitaji, wakahamia kwenye ndege kubwa. Tuliwaita wote Rubani, na hakuna aliyekaa vya kutosha akakasirika.

Olga Evon, mtoto wa kijijini kwetu, alipokwisha kupata leseni na saa za kutosha, alitakiwa na waajiri wawili. Kampuni ya mizigo ya Anchorage ilimwahidi ndege ya injini nne, sare yenye mistari begani na safari za Asia. Shirika dogo la Bethel lilimwahidi ndege ya injini moja na kofia. Wote walitaka jibu kufikia Ijumaa. Gus Lindqvist, rubani mkuu wa Bethel, akamwita waruke pamoja, aione kazi yenyewe kabla hajaikataa.

"Nani kasema nitaikataa?"

"Wenye akili huikataa," Gus akasema. "Mimi niliikubali."

Kituo cha kwanza kilikuwa kijijini kwetu. Olga ndiye aliyeishusha ndege, upepo ukiipiga ubavuni. Iligusa chini mara mbili, na ya pili ikakubali kubaki. Alitaka washushe katoni za nepi na soda, waondoke. Kumbe Gus alikuwa ameshatangaza kwenye redio ya mawasiliano ni nani anayerusha ndege, na redio hiyo kwetu inasikilizwa katika kila jiko.

Sasa, kwetu mtoto akipata windo lake la kwanza, liwe sili au hata kikapu cha matunda ya porini, halibaki nyumbani. Linagawiwa lote, na wanawake wa nyumba hiyo husimama kibarazani wakiwarushia wenzao zawadi. Wanyama, tunaambiwa, wanajua nani mchoyo, na humkwepa. Bibi yake Olga, Natalia, alikuwa ameamua kwamba ndege nayo ni windo. Olga alipofika nyumbani kusalimia, taulo zilikuwa tayari zinapaa, na vikombe, na majani ya chai.

"Bibi, sijaikubali kazi bado."

"Nani kakuuliza habari za kazi, mama?" Alimwita mama kwa kuwa Olga alipewa jina la mama yake Natalia. "Umeshusha ndege. Sogea, unanizibia."

"Natalia, soksi hii ni ya mguu mmoja," akalalamika Lucy, jirani yao, kutoka chini.

"Mwenzake ameenda kwa Martha. Mkaelewane."

Olga alisogea. Kilichorushwa na mkono wa bibi hakirudishwi, na watu kurushiwa vitu kwa ajili ya rubani atakayekwenda Asia kungekuwa jambo la aibu. Lakini aibu peke yake isingemshinda. Alikuwa anawatazama wale wanawake. Miaka yote aliyosoma Anchorage, samaki wakavu walimfikia kutoka kwao, chini ya kiti cha Rubani huyu au yule, bila nauli. Mwenzake wa chumbani alikuwa akifungua dirisha katikati ya baridi ya Januari, kwa sababu ya harufu. Olga aliwala wote, na hakuwahi kurudisha hata kopo tupu.

Lucy akamjia na taulo begani. "Jumanne nina daktari wa macho Bethel. Ni wewe utakayenichukua? Nataka kujua mapema. Rubani mwingine ninaweza kumdanganya uzito."

Olga akaiangalia ndege, kisha akamwangalia Lucy.

"Ni mimi, shangazi."

Ndegeni alimkuta Gus anamalizia bakuli la matunda ya porini yaliyopondwa pamoja na mafuta, ambalo hakuna aliyemwona akipewa.

"Ijumaa utawajibu nini Anchorage?"

"Nitawajibu leo. Bibi amemaliza taulo."

Gus akalamba kijiko, akasema afadhali, maana kofia zimebaki ndogo tu.

Jumanne Lucy alitaja uzito wake kwa sauti, Olga akaandika ule wa kweli. Kisha akamshukuru kwa samaki wa miaka ile ya masomo.

"Samaki gani?" akauliza Lucy, akafunga mkanda.