Wimbi ya Miezi ya Baridi

Mimi Kemuma nimeishi na watu wa kila namna, lakini aliyenitia kinyaa kuliko wote alikuwa baba mkwe wangu, Mzee Nyamongo. Mungu anisamehe, maana amekwisha kufa. Siku ya kumzika walisimama mmoja mmoja pale kaburini wakasema mzee wa kanisa alikuwa na mkono wazi. Mkono wazi! Nilitema mate chini mbele ya watu, dada yake akanifinya. Mkono huo naujua mimi. Mke wake Mong'ina hakutajwa na mtu yeyote siku ile, ila walipotaka kujua kama chakula kimeiva. Basi habari zake nitazisema mimi.

Niliolewa katika boma lao, juu kidogo ya Ekerenyo, mwaka wa arobaini na sita, vita vimekwisha. Mume wangu Ishmael alikaa nami miezi mitatu, akarudi Kericho kwenye kazi ya mashamba ya chai. Nikabaki na mama mkwe, na nitasema kweli: mwanzoni yeye pia alinichefua. Watu walimwita mkono wa birika, nami nikaona wamepatia.

Mwezi wa pili, jua linawaka mpaka mbwa wanatafuta kivuli, Mong'ina alikuwa tayari anahangaika na baridi ya mwezi wa sita. Alikata viazi vitamu vipande vyembamba akavianika juu ya mwamba. Alichemsha majani ya kunde, akayakausha, akayafunga kwenye majani ya migomba. Maboga aliyapanga kwenye kichanja juu ya meko yakawa meusi kwa masizi. Kuni alizipasua akazipanga chini ya upenu kuzunguka nyumba nzima, na ukichomoa kijiti kimoja anajua. Nyufa za ukuta alizijaza udongo na kinyesi cha ng'ombe, akapitisha mkono mahali penye kila ufa mpaka hausikii upepo. Alichukua magunia mawili, akayashona pamoja, katikati akashindilia majani makavu ya migomba, na hilo likawa blanketi. Nikilala chini yake lilinikwaruza shingo na kunuka moshi. Nilimwandikia Ishmael barua kwamba mama yake ananilaza kama mbegu ya viazi.

"Mama," nilimwuliza siku moja, "kwani baridi ya hapa inaua?"

Alikuwa anasugua kibuyu cha samli. Hakuinua uso. "Iliua," akasema.

Alinieleza kidogo kidogo, siku nyingi, kwa maneno machache. Lakini kwanza mjue habari za maghala. Katika boma letu yalikuwa mawili, ya kufunguliwa juu kwa kuinua paa kwa mti. Moja lilikuwa la Mong'ina, wimbi, yaani ulezi, ya shamba la nyumba yake, ya kulisha watoto wake. La pili lilikuwa la Nyamongo, wimbi ya shamba lake mwenyewe, anayoigawa apendavyo. Mume haingizi mkono katika ghala la mke, na mke hainui paa la ghala la mume. Ndivyo ilivyokuwa kwetu, na hata mtoto mdogo aliijua sheria hiyo.

Basi mwaka ule wa nzige, Nyamongo akiwa bado kijana, walikuja wageni wake wakubwa. Akataka sifa. Ghala lake akaliacha limefungwa, akafungua la mkewe, akachota mbele ya watu, wakamshangilia. Wageni walipoondoka lilibaki vumbi. Mwezi wa sita ukaingia na ukungu wake, mavuno mapya bado ni mabichi shambani. Mong'ina alikuwa na watoto watatu. Kwamboka na Ondieki walianza kukohoa wiki moja, tumboni hamna kitu, na wiki hiyohiyo akawazika wote wawili. Ishmael, mume wangu, alibaki kwa sababu alikuwa bado ananyonya. Nyamongo ghala lake alilifungua baada ya mazishi, awalishe waombolezaji.

 Niliposikia hayo, yale magunia niliacha kuyanung'unikia.

Sasa huyu Nyamongo. Alipoingia kanisani akawa mzee wa kanisa, koti, kofia, Biblia kwapani hata akienda kuangalia ng'ombe. Pombe aliikemea kwa sauti iliyosikika ng'ambo ya mto. Kila Alhamisi alikuwa anainua paa la ghala lake, anajaza mfuko, anateremka nao sokoni. Ukimwuliza anasema, "Ni wimbi ya wajane." Watu wakamvisha kilemba cha ukoka: Nyamongo baba wa wajane, Nyamongo mkono wazi. Na mke wake, aliyelisha boma zima mwaka hadi mwaka, akabaki mkono wa birika. Ebo! Nikilifikiria hata leo roho inanichafuka.

Mwaka wa arobaini na saba nilikuwa mja mzito. Tulihesabu mimi na Mong'ina, tukaona nitajifungua mwezi wa saba, katikati ya baridi yenyewe. Alipanda juu ya ghala lake, akatazama ndani, akashuka ametabasamu. Nilikuwa sijawahi kumwona akitabasamu mchana.

"Uji wako upo," akasema. "Miezi miwili kamili. Maziwa hayatakukauka."

Wiki hiyo kanisa likatangaza mkutano mkubwa wa siku saba, wageni kutoka kila upande, na mhubiri, Mchungaji Ouko, kutoka kule ziwani. Ikaulizwa nani atawalisha. Nyamongo akasimama. Akatengeneza koti. Akajipiga kifua.

"Wageni wote watakula kwangu," akasema. "Ghala la nyumba yangu limejaa!"

Kanisa zima likaitikia Amina. Mong'ina alikuwa ameketi kando yangu. Alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi. Wote wawili tulijua ni ghala gani.

Tulipofika nyumbani alimsimamia mlangoni. "Baba Ishmael, umesema ghala lipi?"

"La nyumba yangu. Kwani nyumba yako ni ya nani?"

"Na lako?"

Mzee akavuta uso wa huruma. "Langu ni la wajane, Mama Ishmael. Chakula cha wajane hakiguswi."

"Langu ni la mzazi. Kemuma anajifungua mwezi ujao."

"Mungu atampa," akasema, akafungua Biblia yake.

Mungu atampa! Nilikuwa nyuma ya ukuta na tumbo langu hili. Mkamwana hamjibu baba mkwe wake kwa ukali. Kwetu hata kumtazama usoni ni aibu. Nikameza matusi yangu yote, na yalikuwa mengi.

Wageni walifika Jumatatu, watu thelathini, manyunyu yanaanguka na ukungu umefunika migomba. Wale wa ziwani walikuwa wamejifunika mashuka membamba, meno yanagongana. Wanawake wa kanisa wakaja na vikapu vyao, wakapanga foleni mbele ya ghala la Mong'ina. Nyamongo alikuwa amekwisha kushika ule mti wa kuinulia paa. Alikuwa anangoja watu watulie wamwangalie vizuri. Mchungaji Ouko alisimama kando, mtu mrefu, mpole, anapuliza viganja vyake.

Mong'ina akatoka jikoni. Akanyosha mkono akauchukua ule mti kwa mumewe, taratibu, wala hakumpokonya. Watu wakadhani anataka kufungua mwenyewe. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa amelipita ghala lake, na yuko mbele ya ghala la mumewe. Akachomeka mti, akainua paa, akalitegemeza, akakanyaga gogo akapanda.

 Hakuna mwanamke wa kilima chetu aliyewahi kufanya hivyo, hata wale wenye vichwa vibaya.

Nyamongo alimkaripia kwanza kwa Ekegusii, maneno ambayo mzee wa kanisa hapaswi kuyajua, kwa kuwa mgeni hakuelewa. Kisha akageuza sauti ikawa asali, kwa Kiswahili, "Mama Ishmael, jamani, hapo ni chakula cha wajane!"

Naye Mong'ina, mwenye Kiswahili cha sokoni tu, akajibu kutoka kule juu, "Mchungaji, leo wajane na wageni watakula pamoja."

Akateremsha kapu ndani. Akaingiza mkono, ukaingia mpaka bega. Akaingia mwili mzima, tukabaki tunaona kitambaa cha kichwa tu, halafu hata hicho hatukukiona. Tukasikia anakwangua chini. Mkono wake ukatokea, umejaa makapi, akayaachilia, yakapeperuka juu ya mabega ya wageni. Hapakuwa na wimbi. Hata ya kulisha kuku hapakuwa.

Kisha akatoa kitu kingine. Kilitokeza polepole kwa sababu kilikuwa kirefu kumpita mtu: mrija wa kunywea pombe. Mrija mzuri, umelainika, na kichujio chake kidogo kimefumwa mwishoni, bado kimelowa. Pale mdomo unaposhika paling'aa kwa kufyonzwa. Harufu ya pombe chachu ilitufikia hapo tuliposimama, na mimi mja mzito nikainama nikatapika kando ya migomba.

Hakuna aliyeuliza ni kitu gani. Na Mchungaji Ouko, kwao ziwani wazee walikuwa na mirija hiyohiyo, hakuhitaji mkalimani. Mwanamke mmoja kwenye foleni akasema, "Kumbe mjane ni yule mmoja tu, mpika pombe wa nyuma ya soko!" Kicheko kikapasuka. Nyamongo alikuwa anatazama viatu vyake tu.

 Mchungaji aliwagawa wageni wawili wawili, watatu watatu, wakale katika nyumba za watu, na mkutano ukaendelea. Nyumba ya Mong'ina ilipewa watatu, mmoja wao Mchungaji mwenyewe. Nilimwona mama mkwe akitoa viazi vilivyokaushwa, na kunde, na boga moja jeusi la juu ya meko. Akawapa pia lile blanketi la magunia. Nikamvuta pembeni, nina hasira. "Mama, na uji wangu?"

"Uji wako sijaugusa. Hawa watatu niliwahesabu tangu mwezi wa pili," akasema. "Wageni huja kila mwaka."

Nilijifungua mwezi wa saba, asubuhi ya ukungu hata mlango wa pili hauonekani. Mtoto alikuwa msichana. Nilikunywa uji wa wimbi siku sitini, mzito, wa moto, na kijiko cha samli juu yake. Tukampa mtoto jina la Kwamboka, la yule aliyezikwa mwaka wa nzige. Mong'ina alimfunga ndani ya gunia lake, na safari hii sikusema kitu.

Na Nyamongo? Kanisa lilimsimamisha miezi mitatu. Akatubu mbele ya watu, akalia machozi makubwa, wakamrudishia kiti chake. Mwaka haujaisha akawa anaitwa tena mkono wazi. Watu hawa! Waliyaona makapi yake kwa macho yao wenyewe, halafu wakasahau.

Ule mrija mimi nilitaka kuuchoma. Mong'ina alinizuia. Aliusugua kwa majivu, akausuuza, akauning'iniza juu ya meko kati ya maboga.

"Mama, uchafu huo!"

"Bado ni mzima. Sitaupoteza bure."

Miaka minne ukaning'inia pale. Nikipika nyumbani mwake naugeuzia mgongo.

Mwaka wa hamsini na moja, mwezi wa sita tena, Nyamongo akapooza. Upande mmoja wote ukalegea, mdomo ukaenda kombo, maneno yakamwishia yote isipokuwa mawili matatu. Ghala lake lilikuwa tupu, kama kawaida. Marafiki waliomwita mkono wazi walikuja mara moja, wakaomba, wakatazama meko, wakaenda zao. Kila alipopewa kikombe uji ulimwagika kifuani, na kwa baridi ile nguo ilimgandia mwilini.

Siku ya tatu Mong'ina akaushusha mrija. Akaukata kwa kisu ukawa wa urefu wa mkono. Kile kichujio akakitupa motoni, akaumwagia maji ya moto mara mbili. Akachuja uji mwepesi wa wimbi, wimbi ya ghala lake. Mimi nilikuwa mlangoni na chungu, kwa sababu mkamwana hasogelei kitanda cha baba mkwe. Nikamwona anamwinua kichwa, anamwekea mrija katika ule upande wa mdomo uliokuwa mzima. Na mzee akaujua. Nakuambieni, aliushika kwa midomo bila kutafuta, akaanza kufyonza. Sauti ile nilitamani nizibe masikio.

"Mama!" nikasema. "Huyu! Kwa wimbi hii! Humwambii hata neno moja?"

Mong'ina hakugeuka. Alikuwa anamfuta kidevu kwa pindo la nguo yake.

"Nilimhesabu tangu mwezi wa pili," akasema.

Uji ukaisha, mrija ukabaki unavuta hewa, krrr, krrr. Mzee akauachia. Akamtazama mkewe kwa jicho moja, akahangaika na ulimi wake mpaka neno likatoka.

"Ongeza."

Mong'ina akanyosha bakuli upande wangu. Nikamimina, uso nimeugeuzia nje.